Kikomo cha Paneli na Namna ya Kukivuka

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, wanafunzi, na ninyi wenye maduka mliofunga mapema mkapambana na foleni ya Barabara ya Morogoro ili mfike hapa: habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie seli za jua za matabaka, yaani zilizopangwa tabaka moja juu ya jingine, hizi zinazosemwa kila mahali kwamba zitazifanya paneli zetu za leo ziwe za kizamani. Nitazizungumzia. Lakini kwanza naomba kijana mmoja aje anishikie ncha ya tepu.

Ahsante. Paneli hii ya kwanza, tusome lebo nyuma: wati 550. Tunapima. Urefu mita 2.28, upana mita 1.13. Ukizidisha unapata mita za mraba 2.58. Sasa, viwanda duniani hupimia paneli kwa kipimo kimoja: jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli ikiwa na nyuzi joto 25. Kwa hiyo juu ya kioo hiki zinaangukia wati 2,580, na lebo inadai paneli inatoa 550. Gawanya: asilimia 21 na kidogo. Lebo hii inasema kweli, au angalau inasema jambo linalowezekana.

Tuje kwenye ya pili. Haina jina la kiwanda chochote, na wala sitasema ilinunuliwa mtaa gani. Lebo: wati 300. Urefu mita 1.02, upana sentimita 67. Eneo halifiki hata mita za mraba 0.7, jua linaloangukia hapa ni wati 680 hivi. Mia tatu gawanya kwa mia sita themanini: asilimia 44. Mmesikia? Arobaini na nne. Anayeinunua paneli hii kwa bei ya wati 300 amenunua stika. Ipeleke juani uiwekee mita, utapata wati mia moja na kitu, basi.

Dada yangu pale mbele ananiuliza najuaje bila hata kuiwasha. Ndiyo mada yenyewe ya leo. Paneli ya silikoni ina kikomo, na kikomo hicho hakikuwekwa na serikali wala na kiwanda. Kimewekwa na mwanga wenyewe na silikoni yenyewe. Kwa silikoni safi kabisa, iliyotengenezwa bila dosari hata moja, hesabu inaishia asilimia 29.4. Maabara bora duniani zimeshapita asilimia 27. Paneli nzuri zinazouzwa ziko kati ya 22 na 25. Kwa hiyo ukikuta paneli ya kawaida ya silikoni ambayo hesabu ya tepu inakupa zaidi ya 25, rudisha hela mfukoni.

Tuliko ni mbali na tulikotoka. Chapin, Fuller na Pearson walipoonyesha seli yao ya silikoni kule Bell Labs, Marekani, mwaka 1954, ilikuwa inageuza asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme, na magazeti yalishangilia. Miaka saba baadaye, 1961, William Shockley na Hans Queisser wakakaa na kalamu wakauliza swali ambalo wengi hawakulifikiria: hata tukiwa mafundi hodari kuliko wote, tutafika wapi? Jibu lao ndilo linalotubana mpaka leo, na ndilo seli za matabaka zinajaribu kulizunguka.

Mwanga huja kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni, na kila rangi fotoni yake ina nguvu yake. Ya bluu ina nguvu nyingi, nyekundu kidogo, na ule mwanga usioonekana kwa macho, infraredi, ina nguvu ndogo zaidi. Nguvu hii hupimwa kwa elektronivolti. Silikoni ili imwachie elektroni mmoja atembee kwenye waya inadai elektronivolti 1.12. Hicho ndicho kiingilio chake, na ndicho wanachokiita pengo la nishati.

Chukulieni ni duka linalouza bidhaa moja tu, kwa shilingi 1,120, na halina chenji. Fotoni ya bluu inaingia na 2,760 mkononi. Inapewa bidhaa moja. Chenji ya 1,640 hairudi, inageuka joto humo humo ndani. Nyekundu inaingia na 1,900, nayo inaacha karibu 800. Kisha inakuja infraredi yenye 1,030. Imepungukiwa shilingi 90 tu, lakini hakuna kukopa. Inapita dukani moja kwa moja na kutokea mlango wa nyuma. Ukijumlisha jua zima, karibu sehemu moja ya tano ya nishati ni ya wateja waliokosa hela ya kutosha, na karibu theluthi nzima ni chenji iliyobaki. Paneli inayochemka juu ya bati pale Mbagala saa saba mchana inachemshwa kwa kiasi kikubwa na hiyo chenji.

Mwenye biashara atasema: basi pandisha bei. Ukiweka 1,680, kila mauzo yanakuletea zaidi, lakini wateja wanapungua kwa sababu infraredi yote inabaki nje. Ukiishusha bei mpaka 700, wanaingia karibu wote, lakini kila mmoja anaacha kidogo na chenji inayopotea inakuwa nyingi zaidi. Bei nzuri kuliko zote, kwa mwanga wa jua unaotumika kupimia leo, ni kama 1,340, na hapo kilele ni asilimia 33.7. Silikoni na 1.12 yake iko jirani tu na kilele hicho. Ikiongezwa hasara zake yenyewe ndipo tunaposhuka hadi ile 29.4. Hakuna duka moja litakalovuka 33.7. Ufundi hauhusiki hapo tena.

Njia inayobaki ni kuweka duka la pili juu ya la kwanza. La juu linauza kwa 1,680. Bluu na kijani na wengine wenye hela zao wanamaliza shida zao hapo, na chenji inayopotea ni ndogo. Wasio na 1,680 hawafukuzwi; tabaka la juu ni jembamba na kwao ni kama kioo, wanapita mpaka kwa silikoni iliyoko chini, ambayo inawapokea kwa bei yake ileile ya zamani. Kikomo cha maduka mawili kinapanda hadi karibu asilimia 45. Ukiongeza matabaka yasiyo na mwisho, na hakuna atakayeyaongeza, hesabu inagota asilimia 68. Angalieni kwamba mpangilio una mkuu na mdogo: pengo kubwa juu, dogo chini. Ukiyageuza, silikoni ikakaa juu, itawala wote mapema na wa chini atakaa bila mteja.

Wazo hili si la jana. Setilaiti zinazozunguka juu yetu sasa hivi zimekuwa zikitumia matabaka matatu kwa miaka mingi: galiamu indiamu fosfaidi juu, galiamu asenaidi katikati, gerimaniamu chini. Gari la Opportunity lililotua Mirihi Januari 2004, likapangiwa siku tisini likafanya kazi mpaka 2018, lilikuwa limetandazwa seli za aina hiyo. Na rekodi kubwa ya maabara, asilimia 47.6, ilipatikana Ujerumani, kwenye taasisi ya utafiti ya Fraunhofer ISE, mwaka 2022, kwa matabaka manne na lenzi zilizokusanya mwanga wa jua mara 665. Nasikia wengine mnaguna. Mna haki. Seli hizo hukuzwa taratibu, tabaka baada ya tabaka, kwa mitambo ya gharama isiyosemeka, na lenzi zake zinataka anga jeupe lisilo na wingu wala ukungu, na mtambo wa kulifuata jua dakika kwa dakika. Mungu hakutupa anga la namna hiyo hapa pwani. Anga letu lina mawingu, lina mvuke, na mwanga wake mwingi unakuja umetawanyika.

Kilichobadilisha mambo ni kitu kinachoitwa perovskaiti. Jina ni la madini yaliyogunduliwa kwenye milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839, na kwa bahati tu mwaka huohuo kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Edmond Becquerel kule Paris ndiye aliyeona kwa mara ya kwanza mwanga ukizalisha umeme. Mambo hayo mawili yalichukua miaka 170 kukutana. Perovskaiti tunayoizungumzia haichimbwi. Inatengenezwa maabara kwa kuchanganya chumvi za madini ya risasi, za iodini na bromini na viungo vingine, zikayeyushwa kwenye kimiminika, zikapakwa kwenye kioo na kukaushwa kwa nyuzi mia na kitu. Silikoni inayeyuka kwa nyuzi 1,414. Linganisheni wenyewe bili ya tanuri. Unene wa tabaka la perovskaiti ni nusu ya mikromita mpaka moja hivi, wakati kipande cha silikoni kina unene wa mikromita 150 au karibu na hapo. Na jambo lililowafurahisha watu kuliko yote: ukiongeza bromini na kupunguza iodini, pengo la nishati linapanda. Yaani bei ya duka unaipanga mwenyewe. Unataka 1.68 ili ikae vizuri juu ya silikoni? Unachanganya, unaipata.

Mwaka 2009 kikundi cha Tsutomu Miyasaka kule Japani kilitoa seli ya kwanza ya perovskaiti: asilimia 3.8, na ikaharibika upesi kwa sababu kimiminika kilichokuwa ndani kiliyeyusha fuwele zenyewe. Mwaka 2012 kimiminika kikaondolewa na ufanisi ukaruka hadi karibu 10. Mwaka 2015, Marekani, wakaibandika juu ya silikoni moja kwa moja, wakapata 13.7, chini hata ya silikoni peke yake. Mtu mwenye haraka angesema wazo limekufa. Novemba 2023 kampuni ya LONGi ya China ikatangaza 33.9. Kumbukeni ile 33.7 ya duka moja. Imevukwa. Juni 2024 wakafika 34.6.

Nawaona wenye maduka mnaandika. Andikeni na hili: seli hizo zilikuwa na ukubwa wa sentimita moja ya mraba, kama ukucha wangu wa kidole gumba. Septemba 2024, Oxford PV ya Uingereza, yenye kiwanda Brandenburg, Ujerumani, ilipopakia shehena yake ya kwanza ya paneli kamili za kibiashara kwenda kwa mteja Marekani, ufanisi wa paneli hizo ulikuwa asilimia 24.5. Kutoka 34.6 ya maabara hadi 24.5 ya kwenye lori. Na mwamba ngoma huvutia kwake: muuzaji atakutajia ile ya kwanza. Hata hivyo 24.5 kwa bidhaa iliyoanza kuuzwa juzi si haba. Silikoni ilihitaji miongo mingi kufika hapo.

Sasa tushuke kwenye mambo yatakayowahusu mafundi, maana vitabu vingi vikishataja rekodi vinaishia hapo.

Maduka haya mawili yameungwa kwa mfululizo. Umeme unaotoka juu ndio unaopita chini. Maana yake idadi ya mauzo lazima ilingane. Duka moja likiuza ishirini na jingine kumi na tano, unaondoka na kumi na tano. Kiwandani wanayasawazisha kwa kurekebisha unene na pengo, lakini wanayasawazisha kwa jua la kitabuni, lililoinama nyuzi 48 kutoka utosini. Jua la Dar es Salaam si hilo. Mapema Machi, na tena kuelekea katikati ya Oktoba, adhuhuri linatupita utosini kabisa. Mwanga unakatiza hewa fupi, una bluu nyingi, na mvuke wa bahari umeshanyonya sehemu ya infraredi njiani. Duka la juu linajaa, la chini linapungukiwa. Kisha jioni, jua likielekea Ubungo na kuwa jekundu, mambo yanageuka: la juu ndilo linakosa wateja. Hasara yenyewe si kubwa, ni asilimia chache, na ipo namna ya kuyatenganisha matabaka kila moja na nyaya zake ili lisimsubiri mwenzake. Ila namna hiyo inaongeza nyaya, na viwanda vingi vinaikwepa. Ninachosema ni kwamba paneli iliyosawazishwa kwa ajili ya Ujerumani haijasawazishwa kwa ajili ya Temeke, na mtu anayeijua Temeke ndiye anapaswa kulisema hilo mapema.

La pili ni volti. Hapa mafundi naomba simu zikae chini. Seli ya silikoni isiyo na mzigo inatoa kama volti 0.7. Ya matabaka mawili inatoa kama 1.9, kwa sababu volti za juu na za chini zinajumlika. Ampea zake ni nusu ya zile mlizozoea, kwa sababu wateja wamegawanywa maduka mawili. Chukua seli 72 zilizounganishwa zote kwa mfululizo. Kwa silikoni unapata volti 50 hivi. Kwa matabaka unapata zaidi ya 130, kutoka kwenye paneli moja! Fundi aliyezoea kuunga paneli moja moja kwenye chaji kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji ya betri, ya mwisho volti 100 atasikia harufu kabla hajakaza skrubu ya mwisho. Kiwanda kinaweza kupanga seli kwa namna nyingine volti zikashuka, na huenda wengi wakafanya hivyo, lakini kwenye paneli hizi soma volti kabla hujasoma wati. Faida yake nayo ipo. Ampea zikipungua nusu, upotevu kwenye waya uleule unashuka hadi robo, na wale mnaovuta waya mrefu kutoka paani mpaka kwenye pampu ya kisima mnajua waya mnene wa shaba unauzwaje siku hizi.

Joto pia. Lebo imeandikwa kwa nyuzi 25. Seli juu ya bati la Dar inafika 65 bila shida. Silikoni ya kawaida hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi, kwa hiyo nyuzi arobaini za ziada zinakuondolea asilimia 14. Ile paneli yetu ya 550 inabaki na 473 hivi, na mteja anakupigia simu kwamba umemuibia. Seli ya matabaka inapoteza kidogo kuliko hapo kwa sababu perovskaiti huvumilia joto la namna hii vizuri kuliko silikoni, na pia chenji inayogeuka joto ni chache. Kwenye jiji kama letu faida hiyo haionekani kwenye lebo lakini inaonekana kwenye mita.

Nimesema huvumilia joto. Nilikuwa nazungumzia nguvu inayotoka siku ileile. Kudumu miaka ni habari nyingine, na hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito.

Nilipanda juu ya nyumba moja Kigamboni, si mbali na ufukwe, kuangalia paneli za kawaida kabisa za silikoni zilizokuwa zimeshuka nguvu. Kwa mbele zilikuwa safi, mwenye nyumba alikuwa anazifuta. Nikafungua kisanduku cha nyuma. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekakamaa na kupasuka, vituo vya shaba vimeota ukungu wa kijani, diodi moja imelegea kwenye lehemu, na ukiangalia kwenye kona ya chini ya kioo, riboni za seli za mwisho zilikuwa zimegeuka kahawia kwa upana wa vidole viwili. Chumvi na mvuke viliingia kwa pembeni, taratibu. Silikoni yenyewe haikuwa na neno. Kilichooza ni kila kilichoizunguka.

Sasa weka perovskaiti mahali hapo. Ni chumvi, jamani. Maji yakiifikia inasambaratika na kurudi kuwa unga wa njano wa iodaidi ya risasi. Baadhi ya michanganyiko yake ya mwanzo ilikuwa na kiungo kinachoruka kama mvuke kwa joto tu, hata bila maji. Na kuna tabia moja ya ajabu iliyoelezwa mwaka 2015: kwenye mchanganyiko wa iodini na bromini, mwanga wenyewe unaweza kuzisukuma zikajitenga, huku iodini nyingi, kule bromini nyingi, na ile bei uliyoipanga kwa uangalifu ikavurugika. Wataalamu wamepiga hatua kubwa. Wameongeza sesiamu, wamebadilisha viungo, wanafunika kwa kioo mbele na nyuma na kuziba pembezoni kwa gundi nzito ya butili isiyopitisha mvuke. Kipimo cha kimataifa cha IEC 61215 kinazitaka paneli zikae saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, na zipo zilizopita.

Saa 1,000 ni siku 41 na ushee. Dhamana inayoandikwa kwenye paneli za silikoni ni miaka 25. Katikati ya namba hizo mbili kuna masika ngapi, zile ambazo shati likianuliwa jioni bado lina majimaji? Kipimo cha kabati la maabara kinasaidia sana, silidharau. Lakini kabati halina chumvi ya bahari, halina jua la utosini pamoja na unyevu kwa wakati mmoja, na halina fundi aliyekanyaga kioo.

Wazee mliokuwa kwenye biashara hii miaka ya tisini mtakumbuka paneli ndogo za silikoni isiyo na fuwele, zile nyekundunyekundu za wati kumi na kitu, zilizouzwa sana Kenya na kwetu zikavuka. Teknolojia ile ilikuwa na tabia ya kushuka nguvu ikianza kupigwa na jua, jambo lililoelezwa na Staebler na Wronski tangu 1977, na viwanda vyenye uaminifu viliandika kwenye lebo nguvu inayobaki baada ya kushuka. Vingine viliandika ya siku ya kwanza. Zilipopimwa, baadhi ya chapa zilikutwa chini sana ya lebo, na wananchi waliokwishauza mbuzi ili wanunue walibaki na taa hafifu na neno kwamba sola ni utapeli. Chapa nzuri nazo zikapata jina baya. Sitaki tuipite barabara hiyo mara ya pili na perovskaiti.

Kuhusu risasi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa najua swali litakuja. Mita moja ya mraba ya tabaka hili ina risasi ya gramu moja hivi. Betri ya asidi iliyo chini ya kaunta yako ina kilo kumi na zaidi, na tunajua zinakoyeyushiwa zikifa. Tofauti ni kwamba risasi ya perovskaiti huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo paneli iliyopasuka haifai kuachwa nyuma ya nyumba karibu na kisima. Inahitaji mahali pa kurudishwa. Tuanze na betri.

Je, nani anunue? Mkulima wa Kilosa mwenye uwanja wote ule hana haja ya kulipia asilimia za ziada. Paneli mbili za silikoni za kawaida, zenye lebo ya kweli, zitamtosha na atabakiwa na hela ya waya mzuri. Matabaka yanamfaa mwenye eneo dogo na mahitaji makubwa: ghorofa la Kariakoo lenye familia thelathini na paa lisilotosha hata matangi ya maji, mnara wa simu, boti, bajaji ya umeme. Kwa hao, wati zaidi kwenye mita ileile ya mraba ni pesa. Na ukumbuke paneli yenyewe siku hizi ni sehemu ndogo ya gharama ya mfumo. Fremu, waya, inveta, betri na siku za fundi juu ya paa ndizo zinazokula hela, na nyingi kati ya hizo zinapungua ukifunga paneli chache.

Ninachokiomba kwenu jioni hii ni kimoja. Paneli hizi zitafika hapa, tupende tusipende, na zitafika na karatasi za vipimo vya nchi zenye baridi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanao wanafizikia, taasisi ya teknolojia ya DIT wanao mafundi, Shirika la Viwango, TBS, ndio wenye kazi ya viwango kisheria. Tunachoweza kukianza bila kusubiri mtu ni paa moja la majaribio karibu na bahari: paneli ya silikoni na ya matabaka zikae bega kwa bega, zielekee kaskazini, mwinamo mdogo wa nyuzi kumi ili mvua izisafishe, kila moja na mita yake, kipima mwanga kimoja, kipimajoto nyuma ya kila paneli, na kifaa cha kurekodi kila dakika tano. Ziachwe masika na kiangazi, masika na kiangazi, bila kufutwa na mtu mwenye maslahi. Matokeo yabandikwe kila mwezi, mazuri na mabaya, kila muuza sola wa Kariakoo aweze kumwonyesha mteja kwenye simu.

Wenye maduka wawili wameshaniambia watachangia vifaa. Tunachokosa ni paa. Mwenye paa kati ya Msasani na Kigamboni, linaloona bahari, lisilofikiwa na kivuli cha mnazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na ngazi ambayo mtu wa makamo kama mimi anaweza kuipanda, ajiandikishe kwa katibu kabla hatujatawanyika. Nyaya na mita tutakuja nazo. Karibuni kwa maswali, na naomba wa kwanza awe yule kaka wa nyuma aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja volti 130.